Muulize Shangazi: Maji yashaondoka, mie nianzie wapi kusaidia?

SWALI: Shangazi shikamoo. Mie ni binti wa miaka 24, natoka Voi, nimekodi chumba huku Kisauni, Mombasa, mwezi uliopita manake baada ya mafuriko landlodi alishusha kodi. Kazi yangu ni ya shifti kwa hivyo asubuhi nyingi niko huru na nataka kujitolea. Nilianza kupita nyumba kwa nyumba nikiuliza watu wamepoteza nini, mama mmoja akanambia "nyinyi mwaja, mwapiga picha, mwaenda zenu", na wala sikuwa na simu mkononi, niliumia sana. Niendelee ama nikae chumbani kwangu? Na kuna marafiki wataka kunitumia pesa na nguo nigawe, nizipokee? – Mpangaji mgeni

JIBU: Marahaba mwanangu. Endelea, lakini hiyo ya kupita na maswali iache leo hii. Huyo mama usimuwekee kinyongo, mtu ameingiliwa na maji, ameandikwa jina na huyu, akaandikwa na yule, kisha godoro lenyewe asilione, sasa akiona mgeni mwengine aja kumuuliza tena umepoteza nini wataka akujibu vipi?

Wewe una kitu ambacho wale wa kuja na gari hawana: walala hapo. Wateka maji kisima kimoja na huyo mama. Basi anzia hapo hapo kisimani, lakini kwanza nenda kwa mzee wa mtaa umwambie mie mpangaji wa nyumba fulani, asubuhi nina nafasi, kazi gani haina mtu? Mtafute pia mhudumu wa afya ya jamii wa mtaa wenu, hawa tangu Septemba 2023 serikali imewapa mikoba ya vifaa na wanajua nani ana mtoto mchanga, nani mzee wa kitandani, huna haja ya kuuliza upya.

Kuhusu kisima nitasema sana kidogo manake hapa ndo watu huumia baada ya maji kuondoka. Mitaa yetu visima na vyoo vya shimo vimekaribiana, mafuriko yakija vyote vinakuwa kitu kimoja, na maji yakitulia yaonekana safi kabisa kumbe yaweza kuwa na kipindupindu ndani. Msikimbilie kukausha kisima ardhi ikiwa bado imelowa, kuta zaweza kuporomoka. Subirini maji ya chini yashuke, ndo mvute yale machafu, mtoe matope, kuta zisuguliwe na klorini (dawa ya kuua vijidudu vya maji), kisha klorini itiwe kwa kipimo cha afisa wa afya ya umma (kipimo chategemea maji ni kiasi gani, msikisie), ilale usiku kucha, asubuhi mvute mpaka harufu iishe. Na pampu ya petroli isishushwe ndani ya kisima hata siku moja, moshi wake huua mtu kimya kimya! Kabla ya yote hayo kila nyumba ichemshe maji ya kunywa mpaka yatokote sawasawa. Mtu akishikwa na kuhara kwa maji maji apelekwe hospitali haraka, na njiani anyweshwe ORS (dawa ya unga ya kuchanganya na maji ya kurudisha maji mwilini), kama haipo changanya lita 1 ya maji salama, vijiko 6 vya chai vya sukari na nusu kijiko cha chumvi, vijiko viwe sawa sio vya kujaza.

Pesa zisiingie kwa simu yako peke yako, hapo nakuomba sana. Chagueni watu watatu, angalau mmoja awe mama aliyekaa mtaa huo miaka, na kila shilingi iandikwe kwa karatasi ibandikwe mahali watu wote wapita. Nguo waambie marafiki zako ahsante lakini wasitume, nguo huja marundo na marundo. Pesa hizo afadhali ziwafikie kina mama waliokuwa wakiuza mahamri na mbaazi, karai limekwenda, jiko limekwenda, unga umelowa, na mtu kama huyo ukimpa mtaji mdogo wiki ijayo analisha watoto wake mwenyewe bila kusubiri mgao wa mtu.

Alafu kuna kazi ambayo watu hawaioni: makaratasi. Vitambulisho na vyeti vya kuzaliwa vimeondoka na maji, na bila kitambulisho mtu hasajili hata laini ya simu. Wewe uliye huru asubuhi msindikize bibi mmoja polisi kuchukua abstrakti (karatasi ya kuonyesha ameripoti amepoteza), kwa chifu kuchukua barua kama yatakiwa, kisha Huduma Centre, ofisi ya huduma za serikali, mkapange foleni. Huyo bibi akirudi na karatasi yake, mtaa mzima utajua jina lako bila kujitangaza.

SWALI: Shangazi, mie ni kijana wa Likoni, tulitoa watu na matope usiku ule wa mafuriko. Sasa mvua ikigonga mabati silali, moyo waenda mbio, wenzangu wanicheka. – Abuu K.

JIBU: Pole mwanangu, na ahsante kwa usiku ule. Hiyo hali huwapata wengi waliookoa watu na haina uhusiano na uoga. Zungumza na mmoja mliyekuwa naye, nina hakika yeye pia hapati usingizi. Msalaba Mwekundu wana namba ya bure 1199, wapigie uongee na mshauri, na ikizidi mwezi bila nafuu nenda hospitali ueleze kama unavyoeleza malaria. Na kama kuna kazi ya kuzibua mitaro wiki hii, waachie wengine.