Wasomaji Wanauliza: Wastani Unaficha Nini?

SWALI: Ninafundisha hisabati katika shule ya sekondari. Wanafunzi wangu hukokotoa wastani, mediani na modi bila kukosea, lakini nikiwauliza ni kipi kati ya vipimo hivyo kinachofaa kueleza takwimu zilizo mbele yao, darasa zima hunyamaza. Nifanye nini?
Mwalimu wa hisabati

JIBU: Mwalimu mwenzangu, ukimya huo hauna budi kutokea pale tunapowapa wanafunzi kanuni kabla hawajakutana na swali ambalo kanuni hiyo iliwekwa ili kulijibu. Mwanafunzi anayeambiwa ajumlishe na kugawanya atajumlisha na kugawanya, na hana sababu ya kujiuliza kama jibu lake linamwakilisha mtu yeyote. Nami nilifundisha hivyo kwa miaka mingi, na ninalijutia jambo hilo.

Jaribu kuanza na namba chache ambazo mwanafunzi anaweza kuzishika zote kichwani. Andika ubaoni alama za watahiniwa watano wa kundi la kwanza: 48, 49, 50, 51 na 52. Chini yake andika za kundi la pili: 10, 30, 50, 70 na 90. Makundi yote mawili yana wastani wa 50, na mediani, yaani alama ya katikati zikipangwa kwa ukubwa, ya 50 pia. Kabla hujataja neno lolote la kitaalamu, waulize wanafunzi kama mwalimu wa kundi la kwanza na mwalimu wa kundi la pili wana kazi moja ya kufanya kesho asubuhi. Watakuambia wenyewe kwamba hapana, kwa kuwa kundi la pili lina mtu anayezama na mtu ambaye somo limeshamchosha, na wastani umewafunika wote wawili kwa shuka moja.

Hapo ndipo mtawanyiko unapoingia darasani kwa mlango wake halali. Waambie wapime kila alama iko mbali kiasi gani na 50, kisha watafute wastani wa umbali huo. Kundi la kwanza litatoa 1.2 na la pili 24. Mkengeuko sanifu, kipimo kingine cha mtawanyiko ambacho vitabu hukileta mapema mno pamoja na vipeo na vipeuo vyake, unaweza kungoja. Mwanafunzi aliyekwisha kuelewa umbali wa wastani atauona kuwa ndugu wa kitu anachokifahamu. Kwa makundi hayo mawili atapata takriban 1.4 na 28.3, na namba hizo zitakuwa na maana kwake.

Siku ya pili, futa 52 katika kundi la kwanza na uweke 92. Wastani unapanda kutoka 50 hadi 58, ingawa wanne kati ya watano bado wako chini ya 52, na mediani imebaki 50 kama ilivyokuwa. Waachie muda wabishane ni namba ipi inayolieleza kundi hilo kwa haki. Usiwakatizie mjadala kwa kuwapa jibu, kwa sababu jibu linategemea swali: anayetaka kujua mtahiniwa wa kawaida amepata ngapi atachukua mediani, na anayehitaji jumla ya alama zote hawezi kuikwepa namba inayotokana na jumla hiyo. Kuhusu modi, yaani kinachojitokeza mara nyingi zaidi, usitumie muda mwingi. Waonyeshe tu kwamba makundi ya damu hayajumlishwi wala hayapangwi kwa ukubwa, hivyo swali pekee linalowezekana hapo ni kundi lipi lina watu wengi zaidi.

Kisha wafundishe kuchora kabla ya kukokotoa. Mwaka 1973 mwanatakwimu Francis Anscombe alichapisha seti nne za takwimu, kila moja ikiwa na jozi 11 za namba. Katika seti zote nne wastani wa x ni 9, wastani wa y ni takriban 7.5, kipimo cha uhusiano kati ya x na y ni karibu 0.82, na mstari unaozipitia vizuri zaidi ni ule ule, y = 3 + 0.5x. Mtu anayetazama majedwali ya majibu peke yake angeapa kwamba seti hizo zinaeleza jambo moja. Zikichorwa kwenye grafu, ya kwanza ni nukta zilizotawanyika kuufuata mstari, ya pili ni mkunjo laini, ya tatu ni mstari ulionyooka ambao nukta moja iliyopotea imeuvuta kando, na ya nne ina nukta kumi zilizosimama wima mahali pamoja, huku nukta moja ya mbali ikiwa ndiyo inayoubeba uhusiano wote. Gawa darasa katika makundi manne, kila kundi lichore seti yake bila kuona ya wenzao, halafu bandika michoro yote ukutani kwa pamoja.

SWALI: Niko katika kamati inayochambua matokeo ya mitihani. Kila mwaka shule zinazoongoza kwa wastani huwa nyingi ni shule ndogo, na wenzangu wanapendekeza shule kubwa zigawanywe. Je, takwimu zinawaunga mkono?
Mjumbe wa kamati

JIBU: Ndugu mjumbe, kabla hamjaandika pendekezo lolote, geuzeni orodha hiyo mwanzo uwe mwisho na mtazame shule zilizoshika mkia. Ikiwa huko nako zimejaa shule ndogo, mnachokitazama hakihusu ubora wa ufundishaji, bali ni tabia ya namba chache.

Rusha sarafu mara 10. Uwezekano wa kupata upande wa kichwa mara 7 au zaidi ni karibu asilimia 17, jambo ambalo halimshangazi mtu. Irushe mara 100, na uwezekano wa kupata kichwa mara 70 au zaidi ni mdogo kuliko 1 kati ya 10,000. Sarafu ni ile ile na haijajifunza lolote. Kilichobadilika ni idadi ya mirusho tu. Wastani wa wachache huyumba, na wastani wa wengi hutulia, kwa kiasi kinachofuata kipeuo cha pili cha idadi. Tuseme alama za mwanafunzi mmoja mmoja zina mkengeuko sanifu wa 15 katika shule zote, na shule zote zinafundisha kwa ubora ule ule. Wastani wa shule yenye watahiniwa 25 utayumba kwa mkengeuko wa 3, na wa shule yenye watahiniwa 400 kwa mkengeuko wa 0.75. Kwa hiyo shule ndogo zitajaa kileleni na pia mkiani hata kama ukubwa wa shule hauna athari yoyote.

Jambo hili si la mitihani peke yake. Nchini Marekani, kaunti zenye viwango vya chini kabisa vya saratani ya figo ni zile za mashambani zenye watu wachache, na mtu angeweza kulieleza hilo kwa hewa safi na chakula kibichi. Lakini kaunti zenye viwango vya juu kabisa nazo ni za mashambani zenye watu wachache, na hewa safi haiwezi kuwa imewaponya wa kwanza na kuwaumiza wa pili.

Sisemi kwamba shule ndogo hazina faida. Huenda zinayo, ila orodha ya walioongoza si ushahidi wake. Mkitaka ushahidi, chukueni shule zote, choreni wastani wa kila moja dhidi ya idadi ya watahiniwa wake, kisha muone kama kitovu cha nukta hizo kinapanda kadiri shule inavyopungua, au kama ni upana wa nukta tu unaoongezeka. Na shule iliyoongoza mwaka huu ifuatilieni miaka mitatu au minne kabla ya kumtuma mtu kwenda kujifunza siri yake.

SWALI: Nimesoma kwamba dawa ninayotumia huongeza maradufu hatari ya ugonjwa fulani. Je, niiache?
Msomaji mwenye wasiwasi

JIBU: Dada au kaka yangu, usiiache kabla ya kuzungumza na daktari wako, na ukifika kwake uliza kwanza swali hili: maradufu ya ngapi?

Mwezi Oktoba 1995 wanawake wa Uingereza walitahadharishwa kwamba aina fulani za vidonge vya kuzuia mimba huongeza maradufu hatari ya damu kuganda kwenye mishipa. Tahadhari hiyo ilitokana na utafiti wa kweli. Hata hivyo, hatari yenyewe ilikuwa takriban mwanamke 1 kati ya 7,000, nayo ilipanda kufikia 2 kati ya 7,000. Wengi waliosikia neno maradufu bila kusikia namba hizo waliacha vidonge, na katika mwaka uliofuata mimba zisizotarajiwa na utoaji mimba viliongezeka nchini Uingereza na Wales. Lililo zito zaidi ni kwamba ujauzito wenyewe huongeza hatari ya damu kuganda kuliko vidonge vile.

Mwombe daktari akueleze hatari hiyo kwa hesabu ya watu: kati ya watu 10,000 wanaofanana nawe wasiotumia dawa hiyo, ni wangapi huugua katika mwaka mmoja, na kati ya 10,000 wanaoitumia ni wangapi. Muulize pia, kwa hesabu hiyo hiyo, ni wangapi kati ya 10,000 wanaodhurika na ugonjwa unaotibiwa na dawa hiyo pale wanapoiacha. Andika namba hizo zote kwenye karatasi moja, moja chini ya nyingine, na mzitazame pamoja naye.