Waja leo waondoka leo? Basi Tanga hujaiona

Wiki hii msomaji mmoja wa Dar ameniandikia kwamba alikwenda Tanga Jumamosi, akazungushwa na bajaji, akatafuta ufukwe akakuta matope ya mikoko, akala chipsi, na Jumapili akageuza. Hukumu yake: "Mji umelala, una magofu ya viwanda tu." Hiyo "tu" ndiyo iliyoniuma. Viwanda, vilivyo hai na vilivyokufa, ndivyo vilivyoijenga Tanga. Anayeijia kama anavyoijia Nungwi, kule kwenye fukwe za Zanzibar, lazima aondoke amenuna.

Kosa la kwanza ni siku. Mji wa kazi unatazamwa siku za kazi. Fika Jumapili jioni, ondoka Alhamisi. Ijumaa mchana maduka mengi hufungwa kwa ajili ya swala, na ofisi unazohitaji kibali chake huwa zimeanza kufikiria wikiendi. Epuka pia masika, Machi hadi Mei, kwa sababu nitakayoieleza tukifika kwenye katani.

Kutoka Dar ni kama kilomita 350 kwa basi kupitia Chalinze na Segera. Chukua la asubuhi, maana kipande cha Segera hadi Muheza kinafaa kuonwa kwa jua: mistari ya mkonge iliyonyooka kama imepigwa rula, halafu michungwa. Treni ya Dar kwenda Arusha isikudanganye; inapita Korogwe, haiingii Tanga mjini, kwa hiyo utashuka na kutafuta basi. Stendi kuu ni Kange, pembeni mwa mji. Patana na bajaji bei ya kukufikisha mjini kabla hujapakia begi.

Sasa kazi yenyewe. Tanga inaeleweka ukiifuata katani safari yake yote: shamba, reli, bandari. Ukianzia baharini utaona maghala yaliyofungwa usijue yalihifadhi nini. Kwa hiyo siku ya kwanza nenda shambani, Kigombe kwenye barabara ya Pangani, au Hale na Ngombezi upande wa Korogwe. Usiende mikono mitupu ukamwomba mlinzi akuonee huruma. Andika barua fupi kwa meneja wa shamba siku mbili tatu kabla: jina, namba ya simu, mko wangapi, mnataka kuona nini. Sema wazi kama mtapiga picha. Kukataliwa hutokea, na mara nyingi ni kwa sababu mgeni amejitokeza getini na kamera shingoni.

Mkonge ni mmea, katani ni nyuzi zake. Ukichanganya maneno hayo mbele ya mnyapara atakucheka. Mmea huanza kukatwa ukiwa na miaka miwili na nusu hadi mitatu, na mwisho wa umri wake huchomoza mlingoti mrefu katikati, kisha hufa. Jani likishakatwa, saa zinahesabiwa: lisiposagwa ndani ya siku mbili hivi linakauka, na nyama yake inagandamana na singa, yaani zile nyuzi. Ndiyo maana trekta la majani likiharibika njiani, kiwanda kizima kinakaa kimya.

Kiwanda hicho huitwa korona. Majani hupangwa kwenye mkanda, yanaingia kwenye ngoma yenye visu butu inayozunguka kwa kasi huku maji yakimwagika. Visu havikati, vinapondaponda na kukwangua. Upande wa pili singa zinatoka zimelowa, rangi ya kijani hafifu, kama nywele za bibi kizee zilizooshwa. Katika kila kilo 100 za majani unapata kilo 4 hivi za singa. Zilizobaki ni maji na makapi yanayokwenda na mfereji, na harufu yake ya uchachu utaisikia kabla ya kuona paa. Hapo Hale mwaka 2008 ulizinduliwa mtambo wa kugeuza makapi hayo kuwa biogesi na umeme.

Kutoka korona, singa huanikwa kwenye nyaya. Jua kali la siku moja linatosha kuzing'arisha. Mvua ikizikuta zinageuka manjano na daraja linashuka, na ndiyo sababu ya kukwepa masika: utakuta nyaya tupu. Baadaye zinapigwa brashi, zinapangwa madaraja na kushindiliwa kuwa marobota ya kilo 250. Herufi zilizopigwa ubavuni, 3L au UG, ndizo daraja lake.

Vaa viatu vya kufunika. Ushungi, kanga na mikanda ya begi inayoning'inia fungeni vizuri au muache nje. Mkanda wa korona hauchagui. Utomvu wa jani unawasha, kwa hiyo usishike kisha ukapangusa jicho. Na ncha ya jani ni mwiba mgumu, usikatize kati ya mistari kwa suruali fupi.

Huko huko utasikia neno "manamba". Ndivyo walivyoitwa vibarua wa mkataba waliotolewa mbali kuja kukata mkonge, kwa namba walizopewa. Mmea wenyewe pia ulikuja kama mgeni: mwaka 1893 Mjerumani Richard Hindorf aliagiza miche 1,000 kutoka Florida, ikafika 62 tu ikiwa hai. Kutokana na hiyo, kufikia 1964 Tanganyika ilizalisha zaidi ya tani 230,000 na kuongoza dunia. Kisha kamba za plastiki zikashusha bei, mashamba yakataifishwa na mengi yakadorora, na miaka ya 1990 uzalishaji ukawa umeshuka hadi tani 20,000 na ushei. Ukiwa na tarakimu hizo kichwani, ghala tupu mjini linaanza kusema. Vijana wetu wanalipa nauli ya ndege wakapige picha kwenye magofu ya viwanda vya Ulaya, na haya ya kwao wanayaita uchafu. Hapo nitakuwa mkali, mtanisamehe.

Siku ya pili, chukua baiskeli. Tanga ni tambarare na ni mji wa baiskeli tangu zamani. Mafundi wengi watakukodishia kwa kutwa ukiacha kitambulisho au mtu wa kukudhamini. Kabla ya kulipa, inua gurudumu la nyuma ulizungushe: likicheza kushoto na kulia, spoku zimelegea na utarudi unasukuma. Bana breki zote mbili, omba pampu. Anza saa 12 na nusu asubuhi, pumzika kuanzia saa 6. Joto la pwani lina unyevu na linakausha mwili huku shati limelowa.

Fuata reli. Ujenzi wake ulianza hapa 1893, reli ya kwanza nchini, na ikafika Moshi 1911. Ndiyo iliyougawa mji: upande wa bahari majumba ya wakubwa na ofisi, upande wa pili Ngamiani, waliko wafanyakazi, barabara zake zikiwa na namba badala ya majina. Ukiuliza njia utaambiwa "barabara ya kumi na mbili," basi hesabu tu. Novemba 1914, Vita Kuu ya Kwanza ilipoanza, Waingereza walishusha jeshi Ras Kazone wakiwa wengi mara kadhaa kuliko Wajerumani, wakashindwa. Askari wa kuwazuia waliletwa na treni kutoka Moshi. Nyuki nao waliwashambulia Waingereza, na watu wanakumbuka nyuki kuliko treni.

Bandari itazame kutoka bustani zilizo juu ya ghuba. Kwa miaka mingi meli kubwa zilitia nanga mbali na mzigo ukaletwa na matishari, kwa sababu gatini maji hayakuzidi mita chache. Sasa gati la mita 450 limechimbwa hadi kina cha mita 13. Ng'ambo, Chongoleani, ndiko linakoishia bomba la mafuta la kilomita 1,443 kutoka Hoima, Uganda. Huko hakuna utalii, usijaribu. Na popote ulipo, bandari, daraja la reli na lango la kiwanda usivipige picha bila ruhusa. Polisi hawatataka kujua kwamba ulikuwa unapenda tu rangi ya kutu.

Siku ya tatu panda daladala hadi Pongwe kwenye kiwanda cha saruji, utazame kwa nje vumbi lilivyopaka majani ya miembe, kisha mchana nenda mapango ya Amboni, kilomita 8 hivi kaskazini mwa mji. Watu huyatenga mambo haya mawili, moja viwanda na jingine utalii, ilhali ni jiwe la chokaa la namna moja: huku maji yamelichimba, kule baruti. Beba tochi yako, ya simu haitoshi, na viatu visivyoteleza.

Kula Ngamiani jioni, samaki na mihogo vibandani, kahawa chungu na kashata baadaye. Mtindi wa Tanga Fresh, kiwanda kinachosimama kwa maziwa ya wafugaji wadogo, usikose.

Ukitaka zawadi, nunua kamba ya katani sokoni, lakini ijaribu. Siku hizi nyingi ni plastiki iliyotiwa rangi ya nyasi. Chomoa uzi mmoja, uwashe kwa kiberiti: wa katani unaungua kama karatasi na kuacha jivu, wa plastiki unayeyuka na kuganda kidonge cheusi. Ukiona kidonge, mrudishie mwenyewe na umwulize muuzaji wa pili.