Jibu la msomaji: Simu ikilia, naisoma

Swali lenu la wiki hii linauliza: serikali ikiifanya simu yako ilie kwa nguvu ili kukuonya juu ya hatari, unashukuru au unaudhika?

Mimi nashukuru, ingawa sikuanza hivyo.

Naishi Cardiff, Wales, na kazi yangu ni kuhudumia wazee katika makazi yao. Jumapili ya tarehe 23 Aprili 2023, saa 9 alasiri, Uingereza ilijaribu mfumo wake wa tahadhari kwa nchi nzima kwa mara ya kwanza. Tulikuwa tunagawa chai. Simu zetu, za wageni na za wazee wachache walio nazo zikapiga king'ora kwa pamoja. Bibi mmoja niliyekuwa nimemshikia kikombe alinikamata mkono akaniuliza tunakimbilia handaki lipi. Alikuwa mtoto wakati wa vita, ndege za Wajerumani zikiangusha mabomu. Tulichukua karibu saa nzima kumtuliza. Nikarudi nyumbani nimekasirika, nikawa upande wa wale waliokuwa wakilalamika mitandaoni kwamba serikali imeingia mifukoni mwao bila hodi.

Usiku nikalifikiria tena. Siku ya jaribio ilikuwa imetangazwa mapema. Ni sisi ambao hatukukaa na bibi yule tukamweleza.

Kuna jamaa kwenye kundi letu la ukoo alidai kwamba king'ora kile ni njia ya kujua kila mtu yuko wapi. Sivyo kinavyofanya kazi. Mnara wa simu unatangaza kama redio: kila simu iliyo katika eneo lake inapokea, na mnara hauhitaji kuijua namba yako. Meseji za kawaida hutumwa kwa namba moja moja, tena hukwama pale pale kila mtu anapopiga simu kwa hofu.

Lipo lalamiko moja ninaloliheshimu. Kuna wanawake wanaopigwa na waume zao ambao wameficha simu ya pili, chini ya godoro au ndani ya mfuko wa unga, ili siku moja waweze kuomba msaada. Simu hiyo ikilia, imewafichua. Mashirika yanayowasaidia yaliwaeleza kabla ya jaribio jinsi ya kuzima tahadhari. Nchi yoyote inayoandaa mfumo kama huu ingewafikiria watu hao kwanza, kabla hata ya kuchagua mlio.

Na Wales tulikuwa na letu. Katika ujumbe wa Kiwelisi, mahali pa neno la kusema "salama" palikuwa pameandikwa "Vogel", neno lisilo na maana yoyote kwa Kiwelisi. Watu wengi walicheka. Mwenzangu kazini, Mwelisi, hakucheka. Onyo la kuokoa maisha likikufikia kwa lugha ya mama yako likiwa limeharibika, unajiuliza kama aliyelituma alikuhesabu.

Kilichonigeuza kabisa ni Valencia, Hispania, tarehe 29 Oktoba 2024. Idara ya hali ya hewa ilitoa onyo jekundu tangu asubuhi. Chuo Kikuu cha Valencia kilisitisha masomo. Lakini ujumbe wa simu kutoka serikali ya jimbo ulitumwa saa 2:11 usiku, wakati maji yalikuwa yameshajaa barabarani na kwenye maegesho ya chini ya majengo. Kuna waliousoma wakiwa juu ya mapaa ya magari. Zaidi ya watu 220 walikufa. Siku kumi na moja baadaye watu wapatao 130,000 waliandamana mjini Valencia, na hasira yao ilihusu saa: kwa nini simu zilinyamaza mchana kutwa?

Wiki chache baadaye, Ijumaa ya tarehe 6 Desemba, simu zetu zililia kwa kweli. Dhoruba Darragh ilikuwa inakuja, na watu kama milioni 3 wa Wales na kusini-magharibi mwa England walionywa wasitoke. Nilikuwa na zamu ya alfajiri. Nikafunga mkoba, nikaenda kulala kazini jioni ile ile, upepo haujachachamaa. Nilimpitia bibi yule chumbani nikamwambia mlio ule ni wa upepo tu, si wa ndege. Akaniomba nimfungie dirisha vizuri, akalala.

Ninachokiogopa mimi ni kejeli. Mei 2024 kimbunga Hidaya kilipoukaribia mwambao wetu, Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania ilionya, na boti za Dar es Salaam na Zanzibar zikasimamishwa. Kaka yangu ni mvuvi Mafia. Nilimpigia nikiwa na wasiwasi, nikakuta ameshasikia redioni na kuvuta mashua yake mbali na maji. Kimbunga kikapungua nguvu, Dar haikupata kile ilichokuwa ikikitarajia, na kwenye kundi la ukoo binamu zangu wakaanza kuwatania watabiri: wametufungia watoto ndani kwa mvua ya kawaida! Nilisoma yale maneno moyo ukiniuma. Kiongozi anayechekwa kila onyo linapopungua makali, siku nyingine atasubiri kwanza awe na uhakika, na Valencia tumeona kusubiri kunavyogharimu.

Utani ule uliendelea mpaka kaka alipotuma picha. Paa la jiko lake lilikuwa limeng'oka, mabati yamelala chini ya mnazi ulioanguka. Nyuma yake, juu kabisa mchangani, mashua ilikuwa nzima.