Mashine ya umeme ya kunyanyua uso, nilipie?

Dada, umeuliza kama ile mashine ya umeme mdogo inayopitishwa usoni itakuondolea mikunjo bila kisu. Mikunjo haiondoi. Umeme wake haufiki hata miliampea 1, wengi hawausikii. Unachangamsha misuli, mashavu yanaonekana yamenyanyuka kidogo, halafu uso unarudi ulivyokuwa. Ndiyo maana saluni wanakuuzia vipindi kumi kwa mkupuo! Ukitaka kujaribu, lipia kimoja kwanza, na wapake jeli ya kutosha, maana ngozi ikiwa kavu inachomachoma. Mwenye mimba, kifafa au kifaa cha kurekebisha mapigo ya moyo asiiguse kabisa. Mimi hela hiyo ningenunulia losheni ya kuzuia jua yenye kiwango cha kinga (SPF) 30 kwenda juu, na krimu ya usiku ya retinoidi, yaani dawa ya ngozi ya jamii ya vitamini A, ingawa retinoidi nayo wajawazito hawatumii.