Uliza Tukujibu: Mbona marefa wa mchangani wanaacha filimbi?

SWALI: Kaka habari za kazi. Mimi ni refa wa mchangani hapa Arusha, huu msimu wa tatu. Kozi tulianza sita, leo tumebaki wawili na mwenzangu nae kasema ligi hii ikiisha anarudi kwenye boda yake atulie. Juzi kwenye ligi ya mbuzi nimekubali goli, jamaa kapokea mpira wa kurusha akiwa peke yake na kipa akafunga, uwanja mzima ofsaidi ofsaidi, na shemeji yangu ndo kocha wa waliofungwa, mpaka leo hapokei simu. Hivi wanaacha sababu ya matusi tu? Na mimi niache?
Refa, Ngarenaro

JIBU: Pole mdogo wangu. Mimi nimepuliza filimbi Moshi misimu sita kabla goti halijanistaafisha, kwahiyo najibu kama mtu aliyewahi kuruka ukuta wa shule na jezi ya refa mwilini.

Matusi yapo, ila refa anayazoea kama vumbi la uwanja. Mi naona kinachomaliza watu ni yale ya baada ya mechi. Anayechezesha ligi kuu pale Sheikh Amri Abeid akimaliza kuna polisi na kuna chumba cha kubadilishia nguo, wewe unabadilisha nyuma ya mti, unapanda hiyohiyo hiace na waliokuwa wanakuita mwizi, asubuhi maandazi unanunua kwa mama yake golikipa. Posho ukiifuatilia, mwenye ligi simu haipatikani, yuko anachoma mbuzi na mabingwa. Hapo ndo mtu anapiga hesabu ya nauli na maji ya kunywa anaona bora boda.

Na sio bongo tu, Uingereza mwaka 2023 FA, chama chao cha soka, ilianza majaribio ya kuwavalisha marefa wa ligi za mtaani kamera kifuani ili anayewatisha ajue anarekodiwa. Sisi hata kamba ya kuzuia watu hatuna, mashabiki wanasimama juu ya mstari, mshika kibendera anakimbia akipigana nao vikumbo (na bado anaulizwa kwanini hakuona).

Silaha unazo lakini. Sheria ya 5 ya soka inakuruhusu kusimamisha au kuvunja mechi watu wa nje wakiingilia, na tangu 2019 kocha nae anakula kadi, njano au nyekundu, makocha wengi wa mchangani ukiwaonyesha wanacheka wanadhani unatania. Halafu 2024 IFAB, wale wanaotunga sheria, walitoa mwongozo ambao ligi ikitaka inautumia, kwamba kapteni peke yake ndo anamfata refa kuuliza. Waambie makapteni mapema kabla hamjaanza.

Ila kadi haikusindikizi stendi, hilo ni la mwenye ligi. Kwahiyo usiache filimbi, acha ligi za hovyo. Posho ushike mkononi kabla ya mechi, na uambiwe nani anatoka na nyie uwanjani ikiisha, ukijibiwa "tutaongea baadae" rudi nyumbani kalale. Marefa wa mtaa mmoja mkikubaliana hivyo wote huyo mwenye ligi atawatafuta mwenyewe, shida yetu kuna mmoja siku zote anakubali kwa soda.

Na lile goli ni halali kabisa. Ofsaidi haipo ukipokea mpira moja kwa moja toka kwenye mpira wa kurusha, kona au goli kiki. Mtumie shemeji Sheria ya 11, kama simu hapokei mpe dada yako ampelekee.