Kofia ya Mfungwa

Wiki hii mmeuliza: Warusi walianza lini kujiona raia na si watwana wa mfalme?

Najua wengi watataja Desemba 1825. Mimi sikubali. Siku ile maofisa, baadhi yao wakiwa wamefika hadi Paris katika vita vya kumng'oa Napoleon, waliwapanga askari wapatao 3,000 kwenye Uwanja wa Seneti, St. Petersburg, wakagoma kula kiapo cha utii kwa mfalme mpya, Nikolai I. Husimuliwa kwamba askari walipaza sauti kumtaka Konstantin, kaka yake Nikolai, na "Konstitutsiya", wakidhani hiyo Konstitutsiya, yaani katiba, ni mke wa Konstantin. Huenda ni kejeli ya washindi, lakini inagusa penyewe: wakubwa walijua wanachotaka, askari hawakuelezwa. Jioni mizinga ikawatawanya. Julai iliyofuata watano walinyongwa, wengine wengi wakapelekwa Siberia.

Hata vijana waliomiminika vijijini kiangazi cha 1874 kuwaamsha wakulima, wapo waliokabidhiwa polisi na wakulima haohao.

Jibu langu ni 1878, na chanzo chake ni kofia. Mwaka uliotangulia, Trepov, gavana wa jiji la St. Petersburg, alitembelea gereza, na mfungwa wa kisiasa aitwaye Bogolyubov hakumvulia kofia. Trepov akaamuru achapwe. Januari 1878 Vera Zasulich, mwanamke wa miaka 28 ambaye hata hakumfahamu Bogolyubov, aliingia ofisini kwa Trepov pamoja na watu waliopeleka maombi yao, akampiga risasi. Trepov alijeruhiwa, akapona.

Bastola siisifu. Ninachokitazama ni kesi. Serikali, kwa kujiamini kupita kiasi, ilimshtaki Zasulich kama mhalifu wa kawaida mbele ya jopo la raia 12, utaratibu ulioletwa na mageuzi ya mahakama ya 1864. Hawa hawakuwa wazee wa baraza wa kumpa jaji ushauri. Kauli ya hatia au kutokuwa na hatia ilikuwa yao. Na wengi wao walikuwa watumishi wa serikali hiyohiyo, watu wa kuogopa kupoteza kibarua! Waziri wa Sheria, Palen, alimtaka jaji Anatoly Koni amhakikishie kwamba mshtakiwa atapatikana na hatia. Koni akakataa. Wakili Aleksandrov naye akaigeuza kesi: badala ya bastola, jopo likajikuta linapima zile fimbo.

Zasulich hakukana kwamba alifyatua risasi. Wale 12 wakatoka na jibu: hana hatia. Ukumbi ukalipuka kwa shangwe.

Hakuna mwanamapinduzi aliyewaendea nyumbani kuwafundisha haki zao. Waliulizwa swali, wakalijibu kama watu wenye mamlaka ya kulijibu.

Serikali ilielewa haraka. Mwezi Mei kesi za kuwashambulia maofisa wake ziliondolewa mikononi mwa majopo hayo. Polisi waliagizwa wamkamate tena Zasulich, lakini marafiki walimficha, kisha akavuka mpaka hadi Uswisi.