Namba ya nanomita ikishuka ndo laptopu inakimbia?

SWALI: Habari za kazi. Nataka kubadilisha laptopu, sasa kila ninaposoma nakuta prosesa hii ni nanomita 7, ile 5, nyingine 3, na watu wanasema namba ikishuka ndo mashine inakimbia. Hivi zinapima nini hasa, nifuate tu ile ndogo?

JIBU: Salama ndugu yangu. Hiyo namba siku hizi haipimi kitu, zamani ilikuwa inaendana na kipimo halisi ndani ya transista (viswichi vidogo vya umeme vinavyounda chipu) ila sasa limebaki jina la biashara, kwenye chipu ya "nanomita 3" toka geti moja la transista, yaani sehemu inayoiwasha na kuizima, hadi linalofuata ni zaidi ya nanomita 40. Ndo maana 2021 Intel walichukua nanomita 10 yao iliyoboreshwa wakaibatiza Intel 7, na mimi siwalaumu, maana ilikuwa inabana transista kama milioni 100 kwenye milimita moja ya mraba, haikuachwa na nanomita 7 ya TSMC, kampuni ya Taiwan inayotengenezea wengine chipu. Kilichowaumiza ni kuchelewa. Tarehe za hiyo nanomita 10 zilisogezwa na kusogezwa mpaka 2019 ndo ikaingia sokoni kwa wingi, na mwaka huohuo wapinzani wao AMD wakaja na prosesa za Ryzen 3000 zilizotengenezwa TSMC kwa nanomita 7.

Kuchora chipu za nanomita 5 na 3 kunategemea EUV, mwanga usioonekana kwa macho wenye mawimbi ya nanomita 13.5, na mashine zake anauza mmoja tu duniani, ASML wa Uholanzi. Humo ndani matone ya bati lililoyeyuka yanapita, leza inayapiga mara 50,000 kwa sekunde moja, ndo mwanga unatoka! Samsung, Intel, TSMC, wote wananunua hapohapo.

Faida yako wewe iko zaidi kwenye umeme. Transista ndogo inakula kidogo, kwa hiyo zinaingia nyingi bila joto kuzidi, prosesa ya M1 ya Apple ya 2020 ilibeba transista bilioni 16 na MacBook Air yake haina hata feni.

Kwa hiyo linganisha namba za kiwanda kimoja tu, 5 ya TSMC na 3 ya TSMC sawa, ila 3 ya TSMC na 3 ya Samsung achana nayo. Halafu tafuta majaribio ya programu unazotumia wewe, yaliyofanywa laptopu ikiwa kwenye betri, sio kwenye chaji, kuna mashine zinapunguza kasi sana ukichomoa waya.